Makasri ya Chini ya Ardhi

Desturi ya wenye enzi tangu kale ni kujenga kwenda juu. Mtawala hutaka mnara, kuba au ukuta ambao msafiri atauona angali mbali, apate kujua ya kuwa anakaribia mji wa nani. Dola ya Kisovyeti nayo ilijenga kwenda juu, na ilitamani kujenga juu zaidi kuliko ilivyoweza. Walakini kazi yake iliyodumu vizuri kuliko nyingi, ambayo hata adui zake waliisifu kwa shingo upande, iliichimbia chini, mahali pasipoonekana na mtu aliye nje. Katika jambo hili mna mzaha. Kasri la Masovyeti, lililokusudiwa kuwa jengo refu kupita yote duniani, halikupata kumalizika. Stesheni iliyojengwa ili kulihudumia kasri hilo ilifunguliwa mwaka wa 1935, na hata leo watu huteremka hapo kila siku, ingawa tangu 1957 imeitwa Kropotkinskaya. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha Kanisa la Kristo Mwokozi, lililovunjwa kwa baruti tarehe 5 Desemba 1931. Kasri lilipokosekana, shimo lake likageuzwa bwawa la kuogelea mwaka wa 1960. Dola ilipokufa, kanisa likajengwa upya. Kanisa, shimo, bwawa, kisha kanisa tena: juu ya ardhi mambo yalibadilika mara tatu katika umri wa mtu mmoja. Chini yake treni ziliendelea kupita.

Moscow ulikuwa mji uliosongwa na watu wake. Sensa ya 1926 ilihesabu watu milioni 2. Ile ya 1939 ilihesabu zaidi ya milioni 4. Wengi wa waliokuja walitoka mashambani, na tramu zilijaa hata watu wakaning'inia milangoni kama popo mwembeni. Mwezi wa Juni 1931 Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti ilitoa azimio kwamba mji upate reli ya chini ya ardhi. Usimamizi alipewa Lazar Kaganovich, aliyekuwa mkuu wa Chama mjini humo, na msaidizi wake alikuwa Nikita Khrushchev, mtu aliyekulia katika nchi ya migodi, ambaye miaka ishirini na kitu baadaye alikuwa mkubwa wa dola nzima. London ulikuwa na reli ya namna hii tangu 1863, Budapest tangu 1896, Paris tangu 1900. Urusi haikuwa nayo hata moja, wala haikuwa na mafundi waliokwisha kuijenga.

Ardhi ya Moscow si rafiki wa mchimbaji. Mna udongo mzito mweusi, mna mchanga uliolowa unaotiririka kama uji, na mna mito ya zamani iliyofunikwa na kupitishwa mifereji ya chini, kama Neglinka, ambayo mji umeisahau lakini yenyewe haijausahau mji. Wahandisi walibishana. Wengine walitaka barabara zipasuliwe, njia ijengwe karibu na uso wa ardhi, kisha ifukiwe. Veniamin Makovsky, aliyekuwa bado kijana, alishikilia kwamba njia izamishwe kwa kina ili maisha ya mji yasivurugwe. Khrushchev alimwelekea kijana. Mwishowe njia ya kwanza ikawa mchanganyiko wa rai hizo mbili. Palipo na mchanga wa maji, udongo uligandishwa kwa mitambo ya baridi, watu wakachimba barafu. Penginepo walifanya kazi katika vyumba vya hewa iliyoshindiliwa ili maji yasiingie, na mtu akitoka humo kwa haraka, hewa humchemka damuni kwa mapovu, na maumivu yake yaweza kuua. Ngao ya kuchimbia, ambayo ni mtambo wa chuma uusukumao udongo huku ukiwakinga walio nyuma yake, ilinunuliwa Uingereza; viwanda vya Kisovyeti vikaitazama, vikatengeneza nyingine kwa mfano wake. Hata hivyo sehemu kubwa ya kazi ilifanywa kwa sururu, sepetu na mikokoteni, na kwa mikono ya watu waliokuwa wakijifunza kazi wakati ule ule walipokuwa wakiifanya.

Watu hao walikuwa nani? Katika mwaka wa 1934 walipita 70,000. Magazeti yaliwaimba vijana wa Komsomol, waume kwa wake, walioshuka mashimoni kwa hiari na kushindana nani atachimba hatua nyingi zaidi kwa zamu moja. Vijana hao hawakuwa wa kubuniwa: walikuwako, na wengi wao walisadiki. Lakini pamoja nao walikuwako wakulima waliokimbia mashamba ya shirika, ambao nafaka yao ilichukuliwa na serikali. Katika miaka ya 1932 na 1933, wakati mashimo ya Moscow yalipokuwa yakichimbwa, njaa iliua mamilioni ya watu katika Ukraine, katika Kazakhstan na katika nchi za mto Volga, na nafaka iliendelea kuuzwa nchi za nje ili mitambo inunuliwe. Mwezi wa Desemba 1932 serikali ilitoa sheria ya pasi za ndani. Wakaaji wa mijini walipewa, wakulima wengi hawakupewa. Kazi ya metro ilikuwa kwa hiyo mlango wa wokovu kwa mtu aliyeweza kuupenya. Alishuka shimoni apate mkate, na cheti cha kumruhusu kuwa hai mahali pale alipo. Anayeusifu ufundi wa stesheni hizi bila ya kuitaja njaa hiyo anasimulia nusu ya habari. Naye anayeitaja njaa peke yake atashindwa kueleza kwa nini wajenzi wenyewe, walipokuwa wazee, walisimulia habari za mashimo yale kwa fahari.

Tarehe 15 Mei 1935 milango ilifunguliwa. Njia ilikuwa na urefu wa kilomita 11 na kitu, na stesheni 13. Wageni waliotazamia kuona mahandaki ya kupitishia watu waliona kumbi. Kuta zilivikwa marumaru na matale yaliyoletwa kutoka Ural, Caucasus na Crimea. Dari zilikuwa ndefu. Taa zilikuwa nyingi. Reli ikapewa jina la Kaganovich, na jina hilo ilikaa nalo mpaka 1955, lilipoondolewa likawekwa la Lenin. Ilisemwa wazi kwa nini fahari ilipendelewa: mfanyakazi akiingia humo aone mfano wa maisha yatakayokuja. Hoja hiyo ina hila ndani yake. Mtu aliyetoka katika chumba kimoja walimolala jamaa wawili, jiko moja kwa nyumba nzima na foleni ya mkate alfajiri, alipewa kasri la kukaa kwa dakika ishirini, kisha akarudishwa chumbani. Ahadi ilikuwa ya kupita ndani yake, si ya kuishi ndani yake.

Na hata hivyo kasri hilo halikujengwa kwa dharau. Hapo ndipo hoja ya hila inapokoma kutosha. Mtu anayetaka kudanganya tu hupaka chokaa upande unaoonekana. Mhandisi wa majengo Alexei Dushkin, aliyeitengeneza Kropotkinskaya, aliogopa giza na uzito wa ardhi unaomlemea aliye chini. Akazificha taa ndani ya vichwa vya nguzo, mwanga ukapanda na kuenea darini kama unaotoka katika ua lililofunguka. Nguzo zikaonekana hazibebi kitu. Msafiri hazioni taa, huona nuru tu. Mambo kama haya hayatoki katika azimio la Kamati Kuu. Hutoka kwa mtu aliyekaa usiku akifikiri juu ya abiria asiyemjua, akamheshimu.

Dushkin huyo ndiye aliyeijenga Mayakovskaya, iliyofunguliwa mwezi wa Septemba 1938. Mpaka wakati ule stesheni za kina zilikuwa na vikingi vinene vilivyoukata ukumbi vipande vipande; yeye alitumia matao ya chuma, akayavika bamba za chuma kisichoshika kutu, ukumbi ukawa mmoja, mwepesi, kama ua wa msikiti wakati watu hawajaingia. Darini palipasuliwa vikuba, na katika kila kikuba mchoraji Alexander Deineka alitia picha ya vijiwe vya rangi, ikionyesha saa moja ya siku katika nchi ya Masovyeti: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Zipo 34. Ndege hupita, wachezaji huruka, miti huchanua. Abiria akiinua kichwa, aona mbingu. Mwaka wa 1939 mfano wa stesheni hiyo ulipelekwa kwenye maonyesho ya dunia New York, ukapata tuzo kubwa. Lakini 1938 ni mwaka uliofuata 1937, na miaka hiyo miwili polisi wa siri waliua watu kwa mamia ya maelfu. Mbingu ya Deineka ilimeta juu ya watu waliozoea kusikia lifti ya nyumba yao ikipanda usiku na kusubiri itasimama ghorofa ya ngapi.

Vita vilipofika, fahari ilipata kazi ambayo hakuna aliyeibishia. Asubuhi ya tarehe 16 Oktoba 1941, Wajerumani walipokuwa karibu na Moscow, watu walikuta milango ya metro imefungwa. Ilikuwa imetolewa amri reli nzima iharibiwe isije ikaanguka mikononi mwa adui. Mji ukaingia hofu kubwa; wengi hawakuhitaji tangazo jingine la kuwaambia hali ilivyo. Siku ile ile amri ilitanguliwa, na jioni treni zikatembea tena. Usiku wa mashambulio watu walishuka chini kwa maelfu, wakalala juu ya mbao zilizotandikwa relini, na watoto walizaliwa humo zaidi ya 200. Tarehe 6 Novemba, Stalin mwenyewe alihutubia mkutano katika Mayakovskaya, chini ya mbingu zile za vijiwe, kwa kuwa juu ya ardhi hapakuwa na ukumbi wa salama.

Katika habari zote za metro, iliyo nzito kuliko zote yahusu stesheni nyingine, Novokuznetskaya, iliyofunguliwa mwezi wa Novemba 1943, vita vikali vingali vikiendelea. Picha za darini mwake zilichorwa na Deineka. Lakini mchoraji huchora karatasi tu, na kuna fundi wa kuzigeuza karatasi kuwa mawe. Fundi huyo alikuwa Vladimir Frolov wa Leningrad, mzee wa kazi hiyo, ambaye kabla ya Mapinduzi karakana ya jamaa yake ilipamba makanisa. Ni yeye aliyezifanya mbingu za Mayakovskaya. Mwezi wa Septemba 1941 Leningrad ulizingirwa, na katika majira ya baridi yaliyofuata posho ya mkate kwa asiye mfanyakazi wa kiwandani ilishuka hata gramu 125 kwa siku, na mkate wenyewe ulikuwa umechanganywa na vitu visivyoliwa. Watu walianguka njiani wasiinuke. Frolov hakuondoka mjini. Alikaa katika karakana yenye baridi, kwa nuru ya taa ya mafuta, akipanga vijiwe kimoja kimoja kwa ajili ya dari ya stesheni iliyo mbali naye, katika mji ambao hakujua kama ungesimama au ungeanguka. Alikufa mwezi wa Februari 1942, na kilichomwua ni njaa. Picha zake zilitolewa mjini kwa njia ya ziwa la Ladoga, njia ile ile iliyoleta unga na kuwatoa watoto.

Zinaonyesha nini? Zinaonyesha amani: wajenzi, wayeyusha chuma, na wakulima wa bustani wakichuma matunda. Mtu mwenye njaa ya kufa aliyapanga matunda hayo kwa vidole vyake. Je, aliitumikia serikali, au aliutumikia ufundi wake? Aliufanya ukweli au uwongo? Wanachuoni wanaoandika juu ya sanaa ya siku zile hupenda kutenga propaganda upande mmoja na sanaa upande mwingine, kama mtu apetaye mchele. Ungo wao hauwezi kumpeta Frolov. Bustani ile haikuwako katika nchi yake wakati ule, na yeye alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Jambo moja la kusikitisha ni kwamba dari ya Novokuznetskaya ina nuru hafifu, na abiria walio wengi hupita chini ya kazi hiyo bila ya kuinua macho.

Baada ya vita fahari ilizidi hata ikawa uzito. Komsomolskaya ya njia ya duara, iliyofunguliwa 1952, ni ukumbi wa mfalme hasa, wenye dari ya manjano, matao na vinara. Ni nzuri, lakini ni nzuri kama sherehe ambayo mgeni hana ruhusa ya kuondoka mapema. Stalin alikufa 1953. Mwezi wa Novemba 1955 Khrushchev na serikali yake walitoa amri ya kukomesha mapambo ya kupita kiasi katika ujenzi, na baada ya miradi iliyokwisha anzwa kumalizika, stesheni zikawa mashina ya saruji na vigae, za kufanana. Watu wengi huzicheka. Haifai kuzicheka sana: fedha zilizookolewa zilijenga nyumba, na mtu aliyehama kutoka chumba cha jamaa wawili kwenda nyumba ndogo yenye mlango wake mwenyewe hakulilia marumaru.

Reli zenyewe zikaenea. Leningrad ulifungua yake 1955, baada ya Moscow kwa miaka ishirini; ardhi yake ni kinamasi, na njia ilibidi izamishwe mbali sana. Kyiv ulifuata 1960. Stesheni yake ya Arsenalna iko mita 105 chini ya ardhi, na kuteremka kwa ngazi za umeme huchukua muda wa kutosha mtu kusoma barua ndefu. Kisha Tbilisi 1966, Baku 1967, Kharkiv 1975. Kanuni ya Moscow ilisema ya kuwa mji hauwezi kupewa metro mpaka utimize watu milioni moja, na viongozi wa majimbo wakawa wanahesabu watoto wao kama mfugaji ahesabuvyo ndama. Tashkent, uliovunjwa na tetemeko la ardhi 1966, ulipata yake 1977, na Waislamu wa Uzbekistan wakaona chini ya ardhi nakshi na vikuba vya babu zao, na katika stesheni ya wanaanga sura ya Ulugh Beg, mfalme aliyepima nyota, pamoja na sura za Gagarin na Tereshkova. Kuipiga picha kulikatazwa mpaka 2018, kwa kuwa metro ilihesabiwa pia kuwa ngome ya kujikinga na bomu la atomiki.

Waafrika waliijua reli hii mapema. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilianzishwa Moscow 1960, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Wanafunzi wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliokwenda. Nauli ilikuwa kopeki 5 tangu 1961, na haikupanda kwa miaka thelathini. Kwa mtu aliyetoka katika nchi ambamo gari la moshi lilikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu, na kila mmoja alijua rangi ya watu wa kila daraja, behewa lisilo na daraja halikuwa jambo dogo. (Metro ya Paris, katika nchi ya usawa na udugu, ilikuwa na daraja la kwanza mpaka 1991.) Lakini mwanafunzi mwenye macho hakukawia kuona ya kuwa wakubwa wa Chama hawamo behewani. Wao walipita juu, katika magari meusi yenye mapazia, kati ya barabara, njia ikiwa imefunguliwa mbele yao. Usawa wa chini ulikuwa wa kweli. Sharti lake ni kwamba wasio sawa wasishuke.

Mwenye kuamuru picha huamuru pia zifutwe. Baada ya Stalin kulaumiwa, mafundi walirudi katika stesheni za njia ya duara wakamtoa. Katika Komsomolskaya picha za vijiwe zilipangwa upya, zikabaki bendera na watu wengine. Katika Novoslobodskaya, juu ya mama aliyembeba mtoto, uso wake ulitolewa, pakatiwa njiwa weupe. Katika Taganskaya sanamu yake akiwa amezungukwa na watu wenye kumshukuru iliondolewa miaka ya 1960. Yaelekea wengi waliopita hapo baadaye hawakujua ya kuwa ukuta huo uliwahi kubeba kitu. Kisha mwezi wa Mei 2025 abiria wa Taganskaya walimkuta amerudi: nakala mpya ya sanamu ile ile, na watu wale wale wa chokaa wakimwinulia maua. Wengine walileta maua ya kweli. Wengine walileta maandishi ya kukumbusha yale ambayo viongozi wa leo wenyewe walipata kuyasema juu ya maovu ya mtu huyo. Njiwa wa Novoslobodskaya bado wapo.

Na mbali na hapo, katika miji ya Ukraine, kazi ya 1941 imerudi. Majeshi ya Urusi yalipoingia tarehe 24 Februari 2022, watu wa Kyiv na Kharkiv waliteremka katika stesheni walizojengewa na dola moja waliyokuwa nayo pamoja na hao wanaowashambulia. Katika Kharkiv treni hazikutembea kwa miezi mitatu; mabehewa yalikuwa vyumba vya kulala. Kyiv ulianza kubadilisha majina: stesheni ya Urafiki wa Mataifa iliacha kuitwa hivyo mwaka wa 2023. Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, Kharkiv ulifungua madarasa ndani ya stesheni zake, kwa kuwa mji uko karibu mno na mpaka, na kombora hufika kabla ya king'ora kumaliza kulia. Kuta za vyumba ni nyembamba. Walimu hufundisha hesabu na kusoma, na treni inapopita husubiri kidogo, kisha huendelea.